Kitabu Kilicholipiwa na Umma: Jinsi ya Kutimiza Sharti la Leseni Huria, Hatua kwa Hatua

Barua ya ruzuku huwa ndefu, na wengi wetu huisoma kwa kuruka: kiasi cha fedha, tarehe za ripoti, mahali pa kutia sahihi. Katikati yake, mara nyingi baada ya vifungu vya ununuzi na ukaguzi wa hesabu, hukaa sentensi moja au mbili zinazosema kwamba vifaa vyote vya kielimu vitakavyotengenezwa kwa fedha hizo vitatolewa kwa umma chini ya leseni huria. Sentensi hizo ndizo nimeziona zikiwatoa watu jasho mwezi wa mwisho wa mradi, wakati moduli zimeshaandikwa, kurasa zimeshapangwa, na hakuna aliyeuliza hata siku moja hakimiliki ya vitu vile ni ya nani.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Mradi wa kwanza nilioratibu ulikuwa wa moduli za sayansi kwa walimu tarajali. Maandishi tuliyaandika wenyewe, lakini michoro tuliinunua kwa mchoraji wa kujitegemea, tukamlipa, akatupa risiti, basi. Tulipokaribia kutangaza leseni nilimpigia simu nikamweleza kwamba sasa mtu yeyote ataweza kuichukua michoro yake, kuibadili na kuichapa. Akanijibu kwa upole: "Dada, hilo hatukukubaliana." Alikuwa na haki kabisa. Tuliiondoa michoro yote, tukachoresha upya kwa fedha ambazo hazikuwemo kwenye bajeti, na wanafunzi wa muhula ule walisoma moduli zenye nafasi tupu palipopaswa kuwa na jicho na figo.

Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye mikataba kuliko kwenye tovuti. Leseni ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenye mali.

Sharti hili limetoka wapi

Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mwananchi ameshalipa kodi, kodi ikalipa waandishi, wahariri na wachoraji. Hakuna sababu ya kumtoza tena ili asome, wala ya kumkataza mwalimu kuirekebisha kazi hiyo ifae darasa lake. Mwaka 2012 Azimio la Paris, lililopitishwa katika kongamano la UNESCO, liliziomba serikali zihimize leseni huria kwa vifaa vya elimu vinavyotengenezwa kwa fedha za umma. Tarehe 25 Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa 40 wa UNESCO ukapitisha Pendekezo kamili kuhusu rasilimali huria za elimu. Pendekezo halimfungi mtu kama sheria, lakini nchi wanachama zililikubali, na ni karatasi nzuri ya kuweka mezani unapozungumza na mkurugenzi anayesita.

Wako waliotangulia. Bodi ya vyuo vya jamii na vya ufundi ya jimbo la Washington, Marekani, iliweka sera mwaka 2010 kwamba kazi za kidijitali zinazotokana na ruzuku zake za ushindani zitolewe kwa leseni ya CC BY, ile ya shirika la Creative Commons inayomruhusu yeyote kuitumia kazi kwa sharti la kumtaja mwenyewe. Mwaka uliofuata Wizara ya Kazi ya Marekani ilianza mpango wa mafunzo kwa vyuo vya jamii uliojulikana kwa kifupi TAACCCT, wa takriban dola bilioni 2 kwa jumla, wenye sharti hilo hilo. Januari 2017 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikatoa kanuni yake kwa ruzuku za ushindani. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hukutana na sharti hili zaidi kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, ambao unawataka wanufaika wazitoe rasilimali za elimu walizotengeneza kwa leseni huria.

Hapa lazima nitenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: bure na huria. Kitabu kinachosomeka bila malipo kwenye tovuti ya taasisi, huku ukurasa wake wa pili umeandikwa "haki zote zimehifadhiwa", ni cha bure. Unaweza kukisoma. Huwezi kukitafsiri, kukipunguza, kukiongezea mifano ya kijijini kwako wala kukichapa ukigawe, mpaka uombe ruhusa. Huria maana yake ruhusa hizo zimeshatolewa kwa maandishi, kwa kila mtu, mapema. Mfadhili aliyeandika "leseni huria" hataridhika na PDF iliyopandishwa mtandaoni, na nimeona ripoti ikirudishwa kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza: soma kifungu kwa kalamu mkononi

Kabla ya kikao cha kwanza cha waandishi, chukua kifungu chenyewe utafute ndani yake majibu haya. Je, kimetaja leseni kwa jina, au kimeeleza sifa zake tu? Kinagusa kazi mpya peke yake, au pia marekebisho ya kazi za zamani? Kinawafunga wabia wako na wale unaowapa sehemu ya kazi? Faili ziwekwe wapi, na kabla ya tarehe gani? Kipi kimesamehewa?

Kanuni ya Marekani ya 2017 ni ya kujifunzia kwa sababu imejibu yote hayo. Haikutaja Creative Commons. Ilieleza sifa: leseni iwe ya dunia nzima, isiyompa mtu mmoja haki peke yake, isiyotoza mrabaha, isiyo na ukomo wa muda na isiyoweza kutanguliwa, iruhusu umma kutumia kazi kwa sharti la kumtaja mwenye kazi. Iligusa kazi mpya, na pia marekebisho ya kazi iliyokuwepo pale marekebisho hayo yanapoweza kutambulika peke yake. Ilimtaka mpokea ruzuku awe na mpango wa usambazaji. Ikasamehe ruzuku za uendeshaji wa jumla, ufadhili wa masomo kwa mtu mmoja mmoja, makala za kitaaluma zilizopitiwa na wataalamu wenzao, na kazi ambazo fedha hizo hazikuzitengeneza.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu kwetu. Serikali inaponunua nakala milioni za kitabu cha kiada kutoka kwa mchapishaji, imenunua nakala. Haki imebaki kwa mchapishaji. Sharti la leseni linashika pale fedha za umma zinapolipia utengenezaji: kuandika, kuchora, kurekodi, kutafsiri. Kama mradi wako umenunua vitabu vya maktaba na pia umeandika mwongozo wa mwalimu, ni mwongozo tu unaoingia kwenye sharti. Andika orodha mbili tangu mwanzo, vilivyonunuliwa na vilivyotengenezwa, umpelekee ofisa wa mradi aithibitishe kwa barua pepe. Barua pepe hiyo itakuokoa siku ya ukaguzi.

Hatua ya pili: chagua leseni

Mfadhili akitaja leseni, kazi imekwisha. Nenda hatua inayofuata. Asipoitaja utachagua mwenyewe, na hapa nina msimamo. Chagua CC BY 4.0.

Creative Commons ina leseni sita, nazo zimejengwa kwa vipande vinne. BY ni kumtaja mwenye kazi, na kimo katika zote sita. SA ni sharti kwamba anayebadili kazi yako atoe kazi yake kwa leseni ile ile. NC inazuia matumizi ya kibiashara. ND inazuia kutoa hadharani kazi iliyobadilishwa. Toleo la 4.0 lilitoka Novemba 2013 na limeandikwa litumike dunia nzima bila kuandikwa upya kufuata sheria za kila nchi, kwa hiyo usihangaike kutafuta toleo la Tanzania au la Kenya.

ND iache kabisa. Tafsiri ni badiliko. Ukiweka ND kwenye mwongozo wa Kiingereza, umewakataza walimu wote wa Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi wasiutoe kwa lugha zao. Wafadhili wengi hawaihesabu kuwa leseni huria, na wako sahihi: Pendekezo la UNESCO linataka ruhusa ya kurekebisha iwemo.

NC inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiyo inayowavutia wengi. Husema, "Hatutaki mjanja achukue jasho letu auze." Naelewa hisia hiyo. Lakini tazama kilichotokea New York. Jimbo lililipia mtaala wa hisabati kwa shule zake, shirika la Great Minds likauandaa, na umma ukapewa kwa leseni ya CC BY-NC-SA 4.0. Shule zikapeleka faili kwenye maduka ya kunakili ya FedEx Office zikanakiliwe, kama shule yoyote inavyofanya. Great Minds likaishtaki FedEx, likidai kwamba duka linalotoza pesa kwa kila ukurasa linafanya biashara na mtaala ule. Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili iliamua kwamba duka lilikuwa mkono tu wa shule, na shule haikuwa ikifanya biashara. Kesi kama hiyo dhidi ya Office Depot, kampuni nyingine yenye maduka ya kunakili, ikaisha hivyo hivyo mwaka 2019 katika mahakama ya Mzunguko wa Tisa. Shule zilishinda. Lakini fikiria: kazi iliyolipiwa na umma, ikiwa na leseni ya kuwasaidia walimu, ilihitaji mahakama mbili za rufani ili mwalimu atoe fotokopi.

Sasa ilete huku kwetu. Kitabu kinamfikia mwanafunzi wa Sumbawanga au wa Lodwar kupitia steshenari, au saiba kama wanavyosema Kenya. Mwenye duka hupakua, huchapa nakala ishirini, hutia jalada la plastiki na kuuza kwa bei ya karatasi na faida kidogo. Akichapa kwa agizo la shule, hukumu zile za Marekani zinamtetea kwa hoja, ingawa haziifungi mahakama ya Dodoma wala ya Nairobi. Akichapa mwenyewe na kuweka rafuni auze, NC inamkataza. Mtu pekee anayeweza kukifikisha kitabu kule umemfanya mkosaji. Na yule mjanja unayemwogopa hana nguvu kubwa: akiuza ghali, mnunuzi atapata faili ile ile bure mtandaoni, na jina lako pamoja na anwani ya kazi asilia vimo ndani ya nakala anayouza kwa sababu BY inamlazimisha aviweke.

SA ina watetezi wa kweli, nami siwabezi. TESSA, mradi wa mafunzo ya walimu Afrika unaoongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambao una vifaa hata kwa Kiswahili, hutumia BY-SA, na Wikipedia pia. Kama mfadhili anaikubali na unajali kwamba marekebisho yabaki huria, itumie. Ujue tu kwamba itabana uchanganyaji, jambo nitakalolirudia chini.

Hatua ya tatu: mikataba, kabla kalamu haijagusa karatasi

Andika majina ya wote watakaotia mkono kwenye kazi. Usiishie kwa waandishi. Mhariri wa lugha anayeandika upya aya nzima, mchoraji, mpiga picha, msomaji wa sauti kwenye video, aliyepiga muziki wa mwanzo, mfasiri, msanifu wa kurasa aliyechora ikoni. Kila mmoja ana kipande cha hakimiliki mpaka karatasi iseme vinginevyo. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Mtunzi hahitaji kuwa amesajili COSOTA wala KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, ndipo awe nayo.

Waajiriwa wa chuo nao ni wa kuulizia. Sheria za hakimiliki zina utaratibu wake kuhusu kazi ya mwajiriwa na kazi ya kuagizwa, na vyuo vingi vina sera yao juu yake. Mhadhiri aliyeandika moduli usiku nyumbani, kwa posho ya mradi, anaweza kusema haikuwa sehemu ya ajira yake, na chuo kikasema ilikuwa. Usisubiri mabishano hayo. Mpe mhadhiri karatasi atie sahihi, na chuo nacho kitie.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuwataka watunzi wakuhamishie hakimiliki yote, kisha taasisi itoe leseni. Ya pili ni kuwaachia hakimiliki yao, wao wenyewe waridhie leseni huria. Mimi hupenda ya pili. Mtunzi hapokonywi kitu, jina lake linabaki kwenye kazi yake, na mazungumzo yanakuwa ya heshima. Ya kwanza inafaa pale watunzi ni wengi mno, au taasisi inahitaji kumchukulia hatua mkiukaji kwa jina lake. Kifungu ninachotumia, ambacho mwanasheria wako akipitie kabla hujakitumia, ni hiki:

*Mtunzi anathibitisha kwamba kazi hii ni yake mwenyewe, na kwamba pale alipotumia kazi ya mtu mwingine ameonyesha chanzo na leseni yake. Mtunzi anaridhia kazi hii itolewe kwa umma chini ya leseni ya Creative Commons Attribution 4.0 International. Anaelewa kwamba leseni hiyo ikishatolewa haiwezi kuondolewa, na kwamba inamruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri, kurekebisha, kusambaza na kuuza kazi hii kwa sharti la kumtaja mtunzi. Mtunzi atatajwa kwa jina hili: ........ Malipo yaliyo katika mkataba huu yamezingatia ruhusa hii.*

Sentensi ya kwamba haiwezi kuondolewa isome naye kwa sauti. Usiifiche. Kama anajua Kiswahili kuliko Kiingereza, mkataba uwe wa Kiswahili. Nimeona mchoraji akikataa baada ya kuelewa, na mwingine akiomba nyongeza ya malipo akapewa. Yote mawili ni bora kuliko simu niliyoipiga mimi. Katika bajeti weka fungu la jambo hili, maana michoro yenye ruhusa pana ina bei yake, na mchoraji anayeambiwa kazi yake itatumika na dunia nzima ana haki ya kudai zaidi ya bei ya ukurasa mmoja.

Wabia wanaopokea sehemu ya ruzuku wafungwe kwa kifungu kile kile. Mbia aliyeandika sura mbili za kati akikataa, kitabu chote kimekwama.

Hatua ya nne: kagua kila kitu kisicho chenu

Tangu wiki ya kwanza fungua jedwali moja la pamoja. Kila mwandishi anapoweka picha, jedwali la takwimu, shairi au zoezi lisilo lake, anajaza mstari: ukurasa, jina la kazi, mwenye kazi, anwani alikoipata, leseni yake, na kama ameibadili. Mstari usiojazwa, picha inatoka. Uwe mkali hapa. Kuijaza siku hiyo hiyo ni dakika mbili. Kuitafuta baada ya miezi kumi, picha imeshakatwa na kupewa jina jipya, ni siku nzima, na mara nyingi haipatikani.

Picha iliyoonekana kwenye Google haina leseni kwa kuonekana huko. Ramani iliyochorwa juu ya ramani ya mtu ni kazi iliyotokana na ramani hiyo. Maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, hata yakizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, yachukue kuwa ya baraza la mitihani mpaka upate ruhusa. Kutunga maswali mapya ya mtindo ule ni rahisi kuliko barua.

Kuchanganya kazi huria zenyewe kuna kanuni zake. Chochote cha CC BY, cha CC0 (mwenye kazi ameachilia haki zake zote) au kazi ambayo muda wa hakimiliki umekwisha kinaweza kuingia kwenye kitabu cha CC BY. Wikipedia ni BY-SA: ukichukua maandishi yake ukayafuma ndani ya aya zako, aya hizo lazima ziwe BY-SA. Masomo ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ni BY-NC-SA. Huwezi kufuma maandishi ya Wikipedia na ya Khan Academy kuwa somo moja, kwa sababu kila leseni inadai somo hilo liwe lake na hazikubaliani. Unachoweza ni kuviweka kando kwa kando, kila kimoja na leseni yake chini yake, kama vitu vilivyokusanywa pamoja. Hadithi za African Storybook, nyingi zikiwa za CC BY na baadhi za CC BY-NC, zipo kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Soma leseni ya hadithi moja moja, usidhani.

Picha za watoto ni jambo jingine kabisa. Mpiga picha anaweza kukupa hakimiliki yote na bado huna idhini ya mzazi. Leseni za Creative Commons hazigusi faragha ya aliyepigwa. Na picha yenye leseni huria inaweza kutumika popote, pamoja na mahali ambapo mzazi hakufikiria. Mimi nimeacha kutumia nyuso za wanafunzi kwenye kazi za leseni huria. Mikono juu ya kifaa cha maabara, mgongo wa mtoto akiwa ubaoni, au mchoro, vinatosha kufundisha. Mkiamua kutumia sura, fomu ya mzazi ieleze wazi kwamba picha haitarudishika.

Nembo za wizara, chuo na mfadhili ziondolewe kwenye leseni kwa maneno.

Hatua ya tano: andika tamko

Tamko la leseni liwe ukurasa wa pili wa kitabu, liwe maandishi yanayosomeka na mashine badala ya picha, na liwe na anwani kamili ya leseni. Mfano:

*© 2025 Chuo cha ........ Kitabu hiki, isipokuwa pale palipoonyeshwa vinginevyo, kimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons Attribution 4.0 International. Nakala ya leseni: https://creativecommons.org/licenses/by/4.0/. Unapokitumia, kitaje hivi: jina la kitabu, waandishi, chuo, mwaka, anwani, CC BY 4.0. Kimetayarishwa kwa fedha za ........ Nembo na picha za ukurasa wa 14 na 37 hazimo katika leseni hii.*

Wengine hushangaa kuona alama ya © pamoja na leseni huria. Vinakaa pamoja vizuri. Hakimiliki mnayo bado. Leseni imeeleza mnachoruhusu. Wanaofuta alama ile na kuandika "hakuna hakimiliki" huharibu, kwa sababu basi hakuna anayejulikana kuwa ametoa ruhusa.

Chini ya kila kazi ya mtu mwingine weka mambo manne na la tano: jina la kazi, mwenye kazi, mahali ilipotoka, leseni, na mlichobadili. Kwa mfano: "Moyo wa binadamu, mchoro wa fulani, kutoka Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, maneno yametafsiriwa kwa Kiswahili." Mchoro huo uliotafsiriwa utabaki BY-SA, ilhali maandishi yaliyouzunguka yanaendelea kuwa BY.

Ushauri mmoja ambao sikuupata kwenye mwongozo wowote, nilijifunza kwa walimu. Sura husafiri peke yake. Mwalimu hakutumii kitabu cha kurasa 180 kwenye WhatsApp. Hukata sura ya nne akaituma. Ukurasa wa pili wenye tamko unabaki nyuma. Kwa hiyo weka mstari mmoja wa leseni chini ya kila ukurasa, wenye jina la kitabu, chuo, CC BY 4.0 na anwani fupi. Kwenye video, liandikwe mwishoni na pia lisomwe kwa sauti. Kwenye kipindi cha redio, lisomwe.

Hatua ya sita: toa faili zinazorekebishika, uziweke mahali patakapodumu

Kumpa mwalimu PDF peke yake wakati leseni inamruhusu kurekebisha ni kumpa ugali uliokwisha kuiva alipoomba unga. Toa PDF ya kusoma na kuchapa, na pamoja nayo faili ya maandishi, iwe ya Word au LibreOffice, michoro katika faili zake bila maneno ya kubandikwa, na majedwali ya takwimu katika lahajedwali. Gawa kwa sura. Weka toleo jepesi lenye picha zilizopunguzwa, kwa sababu msomaji wako ananunua bando.

Mahali pa kuweka pafikiriwe pia. Tovuti ya mradi hufa mradi unapokwisha, siku anwani isipolipiwa. Itumie, lakini usiitegemee. Weka nakala kwenye hazina ya chuo kama ipo, na nyingine Zenodo, hazina ya mtandaoni inayotunzwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambako kila kazi hupewa namba ya kudumu unayoweza kuitaja kwenye ripoti. OER Commons, maktaba ya mtandaoni ya rasilimali huria za elimu, husaidia walimu kukipata kitabu. Michoro na video unaweza kuziweka Wikimedia Commons, hazina ya picha na video inayotumiwa na Wikipedia, ambako hawapokei NC wala ND, sababu nyingine ya uchaguzi wangu wa hatua ya pili. Kwa shule zisizo na intaneti, iangalie Kolibri, programu ya kuhifadhi masomo kwenye kompyuta moja ikahudumia darasa zima kwa mtandao wa ndani.

Kwenye ripoti ya mwisho, kwa kila kazi andika jina, leseni, anwani ya kudumu, tarehe ya kuwekwa, na orodha ya faili. Nakala za mikataba iliyotiwa sahihi na lile jedwali la hatua ya nne zihifadhiwe pamoja, kwenye folda ambayo mrithi wako ataiona bila kukupigia simu.

Kama wewe ndiye unayeandika sharti

Ofisa wa wizara, wa halmashauri au wa mfuko unaogawa fedha za umma, andika sharti kwenye tangazo la kuomba ruzuku, lisije kujitokeza baada ya mshindi kupatikana. Taja leseni kwa jina na toleo. Sema linawafunga wabia wote. Taja aina ya faili, mahali pa kuziweka na siku ya mwisho. Ruhusu bajeti ya haki na ya usanifu. Weka mlango wa msamaha, wenye mtu wa kuombwa na sababu zinazokubalika, kwa mfano maarifa ya jamii ambayo wazee wenyewe hawataki yasambazwe. Hilo linastahili kuheshimiwa kuliko sera yoyote. Na fungu la mwisho la malipo litoke baada ya faili kuonekana mahali palipotajwa.

Mtu akiitumia kazi bila kukutaja

Itatokea. Chini ya toleo la 4.0, anayevunja sharti hupoteza ruhusa papo hapo, lakini akirekebisha ndani ya siku 30 tangu alipogundua kosa, ruhusa inamrudia yenyewe. Basi anza kwa barua fupi yenye ukurasa wenye kosa, sentensi ya utambulisho unayotaka iwekwe, tayari kunakiliwa, na anwani ya leseni. Usitishie. Wengi hawakujua, na wengine waliipata sura yako kwenye WhatsApp ikiwa haina jina. Nimeandika barua kama hizo mara tatu. Mara mbili ukurasa ulirekebishwa ndani ya wiki moja, na mmoja wa walioandikiwa, mwenye duka la kuchapa, aliniuliza kama tuna pia moduli za kemia.